Jeneza la Mti wa Mfalme

Enoch Sargent alikufa kwa homa ya mapafu mwezi wa Aprili, theluji ikianza kuyeyuka New Hampshire, koloni la Mfalme wa Uingereza. Mkewe, Mehitable, hakuwa na mbao za jeneza. Msonobari mnene ulikuwapo, tena nyuma ya zizi lao wenyewe, lakini shinani watu wa serikali walikuwa wamechonga mshale: mti wa Mfalme, wa milingoti ya manowari. Miaka ilikuwa imepita, hakuna aliyekuja kuuchukua.

"Shemeji, wewe geuka tu upande wa pili," akasema Jotham Dow, jirani yao seremala. Akauangusha, akapasua mbao.

Siku ya mazishi, waombolezaji wakiwa na vikombe vya pombe ya matufaha mikononi, akaingia Bwana Whitlock, naibu wa mkaguzi wa misitu. Kofia hakuvua. Akatoa kijiti cha kupimia, akapima kifuniko cha jeneza kama muuza kitambaa.

"Ubao huu umezidi upana wa sheria. Ni mti wa Mfalme."

"Na aliyelala humo ni wa nani?" Mehitable akamuuliza.

"Sheria ni sheria, mama. Kifuniko nakichukua, kiwe ushahidi."

"Mfalme wenu kaishiwa hata anamvua maiti jeneza?"

Whitlock akaingiza patasi, akang'oa misumari. Alipoinama, unga mweupe uliopakwa kwenye nywele zake za bandia ukamwagika usoni pa Enoch. Kila Jumapili Mehitable alikuwa akimwombea Mfalme afya. Akaufuta unga ule kwa aproni, kisha akaivua aproni yenyewe na kuitupa motoni.

"Jotham, nitolee uchafu huu."

Wanaume wakamnyanyua Whitlock mzobemzobe, wakamtupa kwenye samadi ya nguruwe. Enoch akazikwa na kifuniko chake.

Wiki iliyofuata askari wakaja, wakamtoza Jotham faini, wakakokota gogo lililobaki hadi ukingo wa mto, ati lisafirishwe. Halikusafirishwa. Likaoza pale kiangazi kizima, limejaa uyoga na funza, na Mehitable akipita kwenda kusaga nafaka huziba pua.

Chai ya Waingereza akaiacha, na vitambaa vyao pia. Kila mchungaji alipofika kwenye dua ya Mfalme, Mehitable aliinuka, akatoka nje akatema mate. Jumapili moja akageuka, akaona nusu ya kanisa imemfuata.

"Nanyi mnausikia uvundo wa gogo la Mfalme?" akauliza.

"Kitambo, Shemeji," akajibu Jotham.