Vyumba Sita vya Mama Mkwe

Usiku ule nililala nimenuna, uso nimeugeuzia ukutani. Kiinua mgongo cha mume wangu, Salehe, kilikuwa kimetoka baada ya miaka mingi ya ukarani, na asubuhi yake fundi angekuja kuchukua malipo ya kuanza vyumba sita vya kupangisha, vyote kwa mpigo. Mimi nilitaka tuongeze tanuri la pili la mikate, maana lile moja lilishazidiwa na maduka yanayonidai mzigo. Shemeji yangu alishauri tununue hatifungani za serikali, tukae tule faida. Salehe akatucheka wote.

"Karatasi haina mlango, na mkate ukilala umekauka," alisema. "Mama alitusomesha kwa kodi ya vyumba sita. Nyumba haiozi."

Niliogopa. Mtaani kwetu kumejaa mapagale, nyumba zilizofika juu ya madirisha pesa ikakata, na wenyewe wengine wamezikwa kabla hawajaezeka. Niliiona hela yetu ya uzeeni ikiota majani vilevile, na kusema kweli nililia kidogo kabla usingizi haujanichukua.

Nikajikuta Tanga, uani kwa mama mkwe wangu, Bi Mwanaidi. Alinipenda sana yule mama, na alinisema zaidi. Alikuwa ameinama jikoni, kanga kaifunga kifuani, anachoma vitumbua na moshi unamfuata machoni. Nilijua kwamba amekufa, mwenyewe nilikuwepo alipooshwa, lakini moyo ulitulia tu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Vuta kigoda, usinisimamie kama mdai."

Nakaa. Anageuza vitumbua kwa kijiti, hana haraka. Nyuma yake naiona nyumba yake jinsi nilivyoikuta nilipoolewa, vyumba vitatu huku na vitatu kule, ukumbi katikati. Natazama tena, hakuna ukumbi. Kuna chumba kimoja tu chenye bati jipya, na pembeni yake mchanga mtupu. Bi Mwanaidi ni binti mbichi, ana mtoto mgongoni. Mtoto yule ni Salehe, namjua kwa masikio yake.

Mwanamume mmoja anabisha hodi, godoro kichwani. Bi Mwanaidi anampokea, anamfungulia chumba, anamkabidhi ufunguo.

"Na wewe utalala wapi, mama?" nauliza.

"Hapahapa jikoni."

Sinia la vitumbua linaisha, ukuta unapanda. Linaisha jingine, unapanda mwingine. Wapangaji wanaingia na ndoo zao na ugomvi wao. Huyu mtoto wake anaumwa, kodi hana. Mama mkwe anamwongezea muda na kumfungia vitumbua. Hawa wamekamatana kwa zamu ya maji. Anawaamua, mwiko mkononi. Choo kimeziba, na anayekizibua ni yeye mwenyewe, pua kaifunga kwa pindo la kanga. Nataka kumsaidia, ila miguu haiinuki kigodani. Ananiona ninavyohangaika, anacheka.

"Kupangisha kazi, mwanangu. Nani alikwambia ni kulala?"

Mara tumesimama kwenye kiwanja chetu. Vyumba sita vimesimama bila paa, mbuzi wamejilalia ndani, na Salehe amekaa juu ya kifusi cha mchanga, mzee kweli, kajifunika mwavuli juani. Mama yake anapita kila chumba akigusa kuta kwa kiganja. Natamani akasirike, anitoe hofu, lakini amehuzunika tu.

"Mwanangu aliiona kodi," anasema. "Moshi hakuuona."

"Mwambie basi, mama. Mimi hanisikii."

"Mimi nilimzaa tu. Anayeishi naye ni wewe." Anakichukua kitumbua cha moto, ananitia kiganjani. "Chumba kimoja, akiezeke, amtie mtu. Mikate yako na kodi hiyo vitajenga cha pili. Haraka ya nini?"

Kitumbua kiliniunguza kiganja, nikaamka. Adhana ya alfajiri ilikuwa inaishia. Salehe alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, macho mekundu. Yeye hakuwa amelala.

"Nimemwota mama," nikamwambia.

"Ya heri?"

"Ya heri."

Nikamsimulia yote. Hata moshi sikuuacha.

"Kweli tulilala jikoni," akasema. "Miaka. Mimi nikidhani anapenda joto."

Akajifuta uso kwa shuka. Nilimshika mkono, na kwa mara ya kwanza tangu hela ile itoke nilihisi tuko upande mmoja.

Jua lilipochomoza fundi akabisha hodi, kamba za kupimia begani. Salehe akatoka na kikombe cha chai, mimi nikabaki dirishani nasikiliza.

"Fundi, tunapima kimoja. Tukiezeke kabisa, apatikane mtu. Na hapo kando, niachie nafasi ya tanuri la mke wangu."

"Kimoja, mzee?" Fundi alishusha kamba zake. "Jana si tulikubaliana sita? Nani tena kakubadilisha?"

"Mama," Salehe akajibu, akamkaribisha chai.