Sufuria Niliyoiunguza

Niliunguza sufuria ya watu. Nilikuwa nimejiandaa kusema ni bahati mbaya, lakini niliweka maharagwe kwenye mbabula, jiko letu la makaa, nikaenda kukaa kidogo, na kiti changu mtu hakiachi upesi. Moshi ndio ulioniamsha. Maharagwe yalikuwa makaa, na ukoko wa chini hata mchanga haukuutoa.

Sufuria ilikuwa ya mama jirani, mjane mwenye watoto saba, ile kubwa ya kupikia bukari, ugali wetu. Nilipanga kuirudisha nikishaisugua. Wiki hiyohiyo watu wa asili ya Kasai wakaanza kufukuzwa mkoani kwetu warudi kwao, yeye akiwamo, ingawa alizaliwa Kolwezi kama mimi. Alifunga mizigo, akaenda na watoto kulala kwenye kituo cha treni, kungoja treni ambayo hakuna aliyejua siku yake. Kuhusu kufukuzwa kwenyewe nilikuwa na kisingizio tayari: si mimi niliyewafukuza. Nikakaa nacho nyumbani.

Siku ya tatu mke wangu, aliyekuwa akiuza mihogo karibu na kituo, alileta ujumbe: mama jirani anaomba sufuria yake, kwa sasa anangoja wengine wamalize kupika ndipo aazimwe yao.

"Mpelekee kesho," nikamwambia.

"Uliiunguza wewe, utaipeleka wewe."

Nikasema mvua inakuja. Kesho yake, barabarani kuna askari. Kesho kutwa, viatu viko kwa fundi. Viatu vilipotoka kwa fundi nikasema konjonktire, neno letu la miaka ile kwa hali ngumu: mshahara usipotoka, konjonktire, mgodi ukijaa maji, konjonktire, mwalimu asipofika darasani, konjonktire. Na sikuwa mwongo kabisa. Askari walikuwapo kweli. Ila mke wangu alipita katikati yao kila asubuhi na beseni kichwani.

"Tata ya batoto," akaniuliza, "miguu yako nayo imeshikwa na konjonktire?"

"Naisugua kwanza."

"Unaisugua na macho? Treni ikienda leo, utamusugulia nani?"

Hapo nikaondoka kwenye kiti. Njia nzima, sufuria kichwani kama kofia, nilipanga visingizio vinne, kizuri zaidi nikakiweka mwisho. Nikamkuta amekaa juu ya godoro lililofungwa kamba, watoto wamejilaza kwenye mabunda, treni bado. Alininyoshea mikono, lakini si mimi niliyenyoshewa, ni sufuria. Nikampa, vile vinne nikaviacha.

"Mama, niliiunguza, nikaona haya. Siku zote hizi nilikuwa tu nyumbani."

Akachungulia ndani, akakwaruza ukoko kwa ukucha. Kisha akanisukumia ndoo tupu kwa mguu.

"Tata, batoto bangu bamekula bukari ya kungojea siku kumi juu ya haya yako, shika ndoo hii, bomba iko nyuma ya gare ya treni, na kama mustari ni murefu, usirudi kuniambia mustari ni murefu."