Pampu ya Breki ya Baba

Pampu ya breki ya minibasi inaingia kwenye jeep ya zamani. Matundu ya boliti hayalingani, lakini ukichonga sahani ya chuma yenye unene wa kidole, ukaitoboa matundu manne, mawili ya jeep na mawili ya pampu, kisha ukaifunga katikati, inakaa. Fimbo ya kusukumia nayo inabidi ikatwe na kuungwa upya kwa moto. Ikizidi urefu kidogo tu, breki zinashika na haziachii. Kazi hiyo nimeifanya mara nyingi katika garaji yangu ya Kenya, komini mojawapo ya hapa Lubumbashi, hata wabeba makaa, wabeba mahindi na mapadri wa vijijini wakawa wanaelekezana kwangu. Una jeep iliyozeeka na mfuko mwembamba? Nenda kwa yule. Sisemi hivi kwa majivuno. Au tuseme ni majivuno, na ndiyo yaliyoniponza.

Mteja akisita kwa sababu kipuri ni cha gari nyingine, nilikuwa namcheka. "Motoka haijue kusoma, papa," nilikuwa namwambia. "Haitaona kama pièce iko na jina ya motoka ingine." Naye alicheka, akaondoka, na baada ya wiki kadhaa alipita kunisalimia akitoka Kasenga au Pweto, gari ikiwa na vumbi hadi kwenye paa na breki zake timamu. Wasioijua kazi yetu husema tunababaisha. Kubabaisha ni kwao. Kitu cha breki mimi nakipima mara tatu, nakijaribu barabarani bila mzigo, kisha na mzigo, na anayeshika usukani siku hiyo ni mimi mwenyewe. Sijawahi kumkabidhi mtu gari ambayo nisingempandisha mke wangu.

Baba yangu alikuwa mtu wa reli, kama baba yake. Alipostaafu alinunua jeep moja huko njia ya Kinsevere, katika uwanja ambapo magari yaliyochoka na kazi za machimbo huuzwa kwa bei ya mabati. Kaka zangu walimwambia amenunua maiti. Mimi niliifufua: nikaiwekea rejeta ya lori dogo, nikaongeza bapa moja kwenye kila springi, nikaifungia viti vilivyotoka kwenye basi. Baba aliipenda kuliko alivyotupenda sisi, au ndivyo tulivyokuwa tukimtania. Kisha akaugua, jeep ikakaa uani bila kazi, na siku moja nilipokanyaga breki kuisogeza, pedeli ilikwenda hadi chini. Pampu ilikuwa imekufa.

Ugonjwa wa baba ulikuwa wa kifua, na madaktari hawakutuficha kitu. Yeye hakutuficha kitu pia. Alinikalisha karibu yake akaniambia anataka kupelekwa kijijini, mbele ya Kamina, kwa dada yake mkubwa. Nilijua sababu. Mama yao alipofariki, baba alichelewa kufika kwa ajili ya kazi, akakuta wamekwisha kuzika. Kwa hasira alimwambia dada yake mbele ya watu wote wa matanga kwamba kuanzia siku ile yeye hana dada. Tangu hapo hawakusalimiana. Habari hiyo niliisikia nikiwa mtoto; sasa nilikuwa na mvi, na neno lile lilikuwa bado limesimama mahali pake.

Kwetu neno kama hilo halimaliziki kwa kusahauliwa. Wenye kugombana wanasimama uso kwa uso; kila mmoja anataja alichosema au alichofanya, anachukua maji kinywani na kuyatema chini, na hapo neno limetoka. Inahitaji vinywa viwili. Shangazi alikuwa hawezi kusafiri, miguu ilikuwa imemkataa. Mke wangu alipouliza kwa nini wasizungumze kwa simu, baba alimtazama kwa huruma. "Maji haipite mu téléphone, mutoto wangu," akamwambia. Treni asingeiweza, kwa jinsi inavyongojwa na kukaa njiani siku nyingi. Ilibaki jeep, ambamo angeweza kulala nyuma kwenye godoro, nasi tukasimama anapotaka.

Mtu mwenye akili angeenda siku ile ile kununua pampu ya minibasi. Mimi nilitangaza kwamba ya baba nitaweka ya orijino, mpya, ndani ya boksi lake.

Mzee wa kuchonga vyuma, aliyenifundisha nusu ya ninachokijua, alikuwa na mashine yake mitaa miwili kutoka kwangu. Ni Mwislamu wa familia zilizotoka Maniema, mtu wa maneno machache, na sahani zangu zote zilipita mikononi mwake. Alikuwa amesikia habari za baba. Alikuja mwenyewe garajini, akafungua kitambaa, akaweka juu ya meza sahani mpya iliyokwisha kutobolewa, na pembeni yake pampu ya minibasi aliyoichagua yeye.

"Ya muzee hii," akasema. "Hapana kunilipa."

"Aksanti, muzee. Lakini ya baba natafuta ya origine."

Alinitazama. "Na zile zote tuliwekeaka bantu bengine, zilikuwa za mubaya?"

Nilikasirika. Nilimwambia hajanielewa, kwamba baba ni mgonjwa, kwamba njia ni mbovu. Nilisema mengi. Yeye alinisikiliza hadi mwisho, akaifunika tena sahani yake na kuondoka nayo, bila hasira yoyote. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeona haya. Nilitaka kijiji kizima kione kwamba mtoto fundi hakumwekea baba yake kitu cha kubandikabandika. Hivyo, kwa mara ya kwanza, niliiona kazi yangu kwa jicho la watu wanaoidharau.

Nilimwagiza pampu mama mmoja mfanyabiashara anayevuka mpaka wa Kasumbalesa kila wiki. Baba alikuwa bado anaweza kukaa. Asubuhi tulimtoa na kiti chake, tukamweka ukutani, na yeye alikaa akiitazama jeep. Kila nilipopita aliuliza, na kila alipouliza nilimjibu kwamba pampu iko njiani, na ilikuwa njiani kweli, ndani ya lori lililokwama kwenye foleni ya mpakani. Siku moja alinishika shati.

"Ya bantu unaweka saa ile ile, banaenda. Yangu njo iko njiani kila siku?"

"Baba, weye hauko muntu wa kupita. Uko baba yangu."

"Njo juu ya ile," akasema, "fanya mbio."

Pampu ilifika baada ya wiki tatu. Boksi lilikuwa safi, na chuma chake kiling'aa hata nikaona aibu kukishika kwa mikono yenye grisi. Nilipoipeleka kwenye jeep, vinywa vya mabomba vilitazama upande usio wake. Upande wa pili wa mpaka magari yana usukani kulia. Yetu yana usukani kushoto. Fundi yeyote wa Lubumbashi akiagiza kitu cha breki kutoka kule, neno la kwanza ni "ya kushoto", kabla hata ya jina la gari. Mimi sikulisema. Miaka yote nilikuwa nachukua pampu zilizokwisha kutumika hapa hapa mjini, nikizigeuza mkononi kabla ya kulipa, na mazoea ya kuagiza kitu nisichokiona nilikuwa sina. Nilifanya kosa la mwanagenzi, nami nilikuwa nimewafukuza wanagenzi kwa makosa madogo kuliko hilo.

Hata hapo ningeweza kupinda mabomba mapya na kuifunga. Ni kazi ya siku moja. Lakini nilikuwa nimekwisha kusema orijino, na orijino yenye mabomba ya kupindwa si orijino tena. Nikairudisha, nikaagiza nyingine.

Baba aliacha kukaa kitini. Kisha akaacha kuuliza, na hilo liliniumiza kuliko maswali. Alifariki alasiri moja mke wangu akimpa maji kwa kijiko. Pampu ya pili ilikuwa bado Kasumbalesa.

Familia ilikata shauri azikwe kijijini, kwa wazazi wake. Walipofika kwenye suala la gari, watu wote walinitazama mimi. Nikatoka, nikaenda kwa mzee wa vyuma. Aliinama chini ya meza yake, akatoa kitambaa kile kile, akanipa mkononi pamoja na rambirambi.

Nilianza asubuhi, na saa sita mchana haijafika jeep ilikuwa na breki. Niliijaribu kwenye barabara ya lami, bila mzigo, kisha na magunia manne ya mchanga. Kila nilipokanyaga, ilisimama palepale. Nilirudi uani, nikalala chini yake nikijifanya natafuta bomba linalovuja, na huko nililia. Hakuna kilichovuja.

Tulisafiri siku tatu, mimi na kaka yangu mbele, sanduku nyuma. Mvua zilikuwa zimeanza. Kuna miteremko kabla ya Kamina ambapo udongo mwekundu unateleza kama sabuni, na malori yanashuka moja moja huku wasaidizi wakikimbia pembeni na vigingi vya kuzuia magurudumu. Jeep ilishuka yote. Pedeli ilikuwa ngumu na ya kuaminika chini ya mguu wangu, na kila ilipojibu, moyo uliniuma zaidi. Nilifikia kuomba breki zishindwe, mara moja tu, mahali tambarare, ili nipate kusema kwamba nilikuwa na haki ya kungoja. Ni sala mbaya kwa mtu aliyebeba maiti ya baba yake. Nimeiungama kwa padri, lakini sijui kama niliijutia kikweli.

Shangazi alikuwa ameketishwa kwenye mkeka mlangoni. Sikuwa nimemwona maishani, na ana paji la uso la baba. Alitaka sanduku liwekwe mbele yake, akaomba maji katika kikombe cha bati. Aliongea Kiswahili, kwa sababu Kiluba changu ni cha mjini na hakifiki mbali.

"Nilizika mama bila kungojea ndugu yangu," akasema. "Nilijua eko mu njia. Nilikuwa na kasirani, sikumungojea." Akachukua maji kinywani, akayatema chini.

Kisha akanyoosha kikombe juu ya sanduku, akatafuta wa kumpokea. Wazee walisema mtoto anaweza kutoa neno la baba yake, wakanisukuma mbele. Nikasema alichosema baba siku ile ya matanga, kwamba hana dada. Nikashika kikombe. Shangazi hakukiachia.

"Juu ya nini haukumuleta akiwa na kinywa?"

Nilikuwa na majibu. Ugonjwa, mvua, forodha, foleni ya malori. Yote yalikuwa ya kweli, na kaka yangu pembeni yangu alikuwa amekwisha kuanza kuyasema. Nikamkatiza.

"Shangazi, motoka niliitengeneza asubuhi moja. Ningeitengeneza siku ya kwanza, kila kitu kilikuwako. Nilipenda pièce ya muzuri kupita ile naweka ya bantu."

"Na hii imekuleta iko na gani?"

"Iko na ile ya bantu."

Aliigeukia jeep, iliyokuwa imesimama kwenye nyasi na matope yake.

"Imefika," akasema.

Kisha akaachia kikombe. Nikachukua maji kinywani, nikayatema chini kwa ajili ya baba, na wazee wakaitikia kwamba neno limetoka. Lao lilitoka kweli. Nililiona usoni mwa shangazi. Langu, la kumngojesha baba, lilikuwa bado kifuani, nalo linahitaji vinywa viwili, na kimoja nilikuwa nimekileta ndani ya sanduku.