Namba Nyekundu Juu ya Skrini

Mikasa ya wengine ninaisimulia bila haya, basi leo niseme na wangu: mimi Salumu, mwenye kabiro, yaani kaofisi, ka kuchapa barua hapa Kasongo, nilitoa masini yangu ya kompyuta nje nikaipepea kwa ungo mbele ya barabara nzima, na masini yenyewe ilikuwa nzima kabisa.

Kilichoniponza ni kiburi tu. Masini yangu inatumia mfumo wa Linux (niliiweka baada ya flashi za wateja kunijazia virusi mara tatu), na asubuhi ile nilikuwa ninamuchapia Mama Zawadi, muuguzi, barua ya kuomba kazi ya kuongoza kituo cha afya kule Wamaza, kurasa tatu pamoja na maelezo ya kazi zake zote, na dosie, yaani karatasi zake zote za maombi, ilipaswa kufika ofisi ya afya ya Kabambare kesho yake kabla hawajafunga, na mwenye pikipiki alishafunga mizigo, anamungoja mlangoni. Ilibaki mistari minne. Hapo Mwalimu Kalonda, anayefundisha fizikia na aliyekuja kutoa fotokopi, akasema, "Papa Salumu, masini yako inapumua vibaya. Siku moja itatupasukia."

Mutu mwenye akili angenyamaza amalize mistari minne. Mimi nikasema ngoja nimuonyeshe huyu. Nikaacha barua vile vile, nikafungua kile kidirisha cha kuangalia hali ya masini, ambacho ukikiamuru kinakuonyesha joto la prosesa, ule ubongo wa masini, juu ya skrini, karibu na saa. Nikakuta orodha ya vipimo, kila kimoja na kisanduku chake cha kutia alama. Cha prosesa kilikuwa kimoja tu. Nikatia alama vyote (niliona namba zikiwa nyingi nitaonekana fundi mkubwa), nikachagua herufi kubwa na rangi nyekundu ili hata wateja wanaongoja kwenye benchi wasome vizuri. Wakasoma vizuri kweli. Hamsini na mbili, arobaini na tisa, mia moja ishirini na saba.

Mwalimu Kalonda akavua miwani, akairudisha, akasema polepole, "Maji inachemka kwa mia moja."

Basi fundi mkubwa nikawaambia watu wote watoke, nikachomoa waya wa betri ya sola kwa nguvu, masini ikazimika, nikakumbatia masini na jasho langu, nikatoka nayo mbio.

"Na barua yangu?" Mama Zawadi akauliza.

"Mama, tuokoe kwanza nyumba."

Nikaiweka kivulini, nikaazima ungo kwa mama muuza unga wa muhogo, nikaanza kupepea. Pikipiki zikasimama. Mutu wa nyuma akauliza ni nani amezimia, wa mbele akamujibu ni ordinateri ya Salumu, na watu wakacheka mpaka nikakosa pa kuangalia, lakini sikuacha kupepea (ningeacha vipi, wakati nimeshawatimua wote kwa sababu ya moto?). Mama Zawadi akapita katikati yao, akainama, akaweka mgongo wa mukono wake ubavuni mwa masini, jinsi anavyomugusa mutoto.

"Papa Salumu, hii iko baridi," akasema. "Weye ndiye uko na joto."

Tukairudisha ndani, nikaiwasha. Arobaini na nne, arobaini na moja, mia moja ishirini na saba. Imepepewa, imepoa, na namba ile haikusogea hata kidogo. Mwalimu Kalonda akaichungulia, akasema, "Kumbe hii haipimi kitu." Na ndivyo ilivyokuwa: kipimo cha tatu hakikuunganishwa na chochote ndani ya masini, kilikuwa kinaandika tu.

Halafu nikafungua barua. Ukurasa mweupe. Sikuwa nimeihifadhi hata mara moja.

Mama Zawadi hakunigombeza, na hilo liliniumiza zaidi. Aliomba karatasi na kalamu, akaketi kwenye benchi, akaandika yote kwa mukono, huku mwenye pikipiki anapiga honi na mawingu yanajikusanya upande wa njia yao. Nikasimama karibu yake sina la kufanya. Akaweka saini, akapanda, wakaenda.

Baada ya wiki tatu alipita kuniaga, kazi amepata. Nikamuuliza kama kule hawakushangaa dosie ya mukono. "Walishangaa," akasema. "Wakauliza ni biro gani ya Kasongo iliyoshindwa kuchapa kurasa tatu. Nikawaambia umeme ulikatika." Akaniangalia kidogo. "Sikukutaja."

Walinicheka watu wa barabara nzima nikavumilia, lakini neno hilo moja liliniingia mpaka leo. Siku hizi nimeacha kisanduku kimoja tu, cha prosesa, na mutu akiisema masini yangu vibaya, ninahifadhi kwanza barua ya mteja, ninaimaliza, ninaichapa, ninamukabidhi mwenyewe mukononi. Kiburi changu kitangoja benchi ibaki tupu.