Kitanda cha Tatu kwa Sita

Nasema kweli yangu: nimelionea wivu lori kuliko nilivyowahi kumwonea mwanamke. Mwanamke angalau ningejua pa kumtukania. Mume wangu aliendesha lori la masafa marefu peke yake miaka thelathini, bandarini hadi mpakani, na alipostaafu nikasema alhamdulillahi, sasa nimempata. Wapi! Hata mwezi haukwisha akaanza kutafuta lori kuukuu alivue bodi, ajenge juu yake kijumba cha kuzungukia nchi. Kutwa yuko kwenye simu na mafundi: chasisi hii imara, chasisi ile imepinda. Mimi nikimwuliza tupike nini, ananijibu, "Chochote."

Siku ya kwenda kuchagua nikavaa buibui langu nikamwambia twende sote. Tukatoka kwetu Mtongwe hadi Changamwe, kwenye yadi ya malori makuukuu.

Yadini palikuwa na malori mawili yaliyokwisha kuvuliwa bodi, yamebaki kichwa na chasisi, vile vyuma viwili virefu vinavyobeba kila kitu. Moja fupi, moja refu. Bwana akajilaza kwenye vumbi chini ya lile fupi, na shati nililompigia pasi mwenyewe. Akagonga chuma kwa nyundo ndogo, akasikiliza kama kina ufa, akagonga tena, kisha akakipapasa kwa kiganja, taratibu. Wallahi, mgongo wangu umeniuma mwaka mzima na kiganja hicho sijakiona.

"Hili fupi latosha," akamwambia mwenye yadi. "Jiko dogo, kabati, na kitanda cha tatu kwa sita."

Tatu kwa sita! Kitanda cha mtu mmoja. Damu ikanipanda.

"Na mimi nilale wapi? Chini ya magurudumu?"

Mwenye yadi akajitia kuangalia simu yake. Mume wangu akatoka uvunguni, vumbi hadi kwenye nyusi, amenikodolea macho.

"Wewe? Si ulisema hutatia mguu kwenye lori maisha yako?"

Nilisema. Ndoa yetu ilikuwa na mwezi mmoja. Alikuja na lori mpaka nyumbani, akanifungulia mlango mbele ya mama na shangazi zangu, twende sote safari moja tu. Nami kwa kuona haya nikamjibu kwa sauti, kila mtu asikie: mimi si gunia la saruji. Wakacheka, naye akacheka, akaondoka, na hakuniuliza tena. Tangu hapo kila akirudi nanusa mashati yake, namwona mwanamke amekaa kwenye kile kiti cha abiria.

"Nimeghairi," nikasema. "Pima tano kwa sita."

"Basi itabidi hili refu. Na hili liko juu, magoti yako..."

"Magoti yangu yamekulalamikia?"

Nikapandisha buibui, nikapanda. Kwenye kipandio cha pili nikakwama. Akanisukuma kwa nyuma mpaka nikakikalia kiti cha abiria. Kisha akazunguka, akaketi kwenye usukani.

Nikamwuliza swali la miaka thelathini.

"Kwenye lori lako, hapa alikuwa akikaa nani?"

Akafikiri kweli kweli. "Chupa ya chai," akasema. "Ile uliyokuwa ukinijazia. Nilikuwa naifunga mkanda isianguke."

Nikaionea wivu ile chupa mpaka machozi yakanitoka.