Jiwe la Bi Wasko

Mji mzima wa Harlow Gap ulimwamini Delphine Hudak, ukamkabidhi maiti wake. Kwa miaka thelathini na tano alikuwa amewafunga tai wanaume ambao walipokuwa hai hawakuvaa tai hata siku ya ndoa. Alijua familia zipi zisiketishwe benchi moja, na nani atazimia jeneza likifunikwa na nani atajifanya amezimia. Alipata kazi akiwa na miaka ishirini na miwili, kupokea simu tu, katika nyumba ya mazishi ya mzee Sobotka. Aliyemwajiri hata hakuwa Sobotka mwenyewe, bali karani wake wa hesabu, Bi Ottilie Wasko. Bi Wasko alimtazama viatu, akaona vimepigwa rangi mpaka visiginoni, akamwambia aanze Jumatatu.

Mzee Sobotka alipofariki, watoto wake waliiuzia kampuni moja ya Texas nyumba ile pamoja na makaburi ya kilimani. Kampuni ilikuwa na nyumba kama hiyo zaidi ya mia mbili. Kibao cha Sobotka kiliachwa mlangoni, maana wenye kampuni si wajinga, wanajua hakuna mtu anayempeleka mama yake akazikwe na wageni. Delphine akapandishwa kuwa meneja, na tangu hapo kila Jumatatu saa nne asubuhi aliketi mbele ya kompyuta kuulizwa namba za mapato na Bwana Pruett, mkuu wa kanda, kijana mwenye meno mazuri ambaye hajawahi kubeba jeneza.

Mwaka huo namba zilikuwa mbaya. Lengo lilikuwa dola laki tisa na elfu arobaini, na ilipofika Desemba kumi na mbili walikuwa wamepungukiwa dola elfu tisa. Baridi haikuwa kali, mafua hayakuenea, na waliokufa wengi walitaka kuchomwa na majivu yao kutiwa kwenye kopo, kazi isiyo na faida hata ya kununulia maua.

"Nieleze, Delphine," alisema Pruett kwenye skrini. "Kuna nini huko kwenu? Watu wameanza kula mboga?"

"Mwaka huu umekuwa mwepesi, Bwana Pruett."

"Kwa hiyo niwaandikie wakubwa kwamba wateja wanaendelea vizuri?"

Pruett akaisogelea kamera yake.

"Mwaka jana mlikosa lengo, nikawatetea. Mkikosa na huu, sina mdomo tena. Nyumba inafungwa Machi, simu zenu zitapokelewa mji mkubwa."

Huko ni maili arobaini. Delphine aliwafikiria wafanyakazi wake watano. Akawafikiria pia wazee wa Harlow Gap wakivuka mlima kwenye theluji kwenda kumuaga mtu katika ukumbi ambao hawajui hata choo kiko wapi.

"Kwenye waliolipia mazishi yao mapema," Pruett aliendelea, "nani yuko karibu?"

Leland, mtayarishaji wa maiti, alikuwa ameketi pembeni na kikombe chake cha kahawa. "Bi Wasko," akasema, kama mtu anayewaza kwa sauti, kisha akajuta pale pale. Lakini Pruett alikuwa amesikia.

Ndipo Delphine akalazimika kueleza. Bi Ottilie Wasko, miaka tisini na moja, alilipia mazishi yake yote mwaka 2003: jeneza, ibada, kasha la zege la kulalia jeneza kaburini, na jiwe. Fedha zilikuwa kwenye mfuko wa amana, zimezaa mpaka zikafika dola elfu kumi na nne na mia nane. Kampuni iliziona lakini haikuruhusiwa kuzihesabu kuwa mapato mpaka kazi iliyolipiwa ifanyike. Na Bi Wasko alikuwa amelazwa tangu Novemba katika nyumba ya kuuguzia wale ambao madaktari wameshanyoosha mikono.

"Basi," Pruett akasema, na akatabasamu kidogo. "Tuombe mema."

Delphine alikuwa akimtembelea Bi Wasko kila siku mchana tangu alazwe, akimpelekea kabeji na tambi za kukaangwa kwa siagi. Hakuacha. Ila baada ya Jumatatu ile kitu kiliharibika ndani yake. Akifungua mlango wa chumba, macho yake yalienda kwenye kifua cha bibi yule kabla ya kwenda usoni. Kikiwa kinapanda na kushuka, alisikia moyo ukimshuka kidogo tu. Alijichukia kwa hilo. Alijichukia ndani ya gari, alijichukia foleni ya dukani, na kesho yake mchana alifungua mlango na kutazama kifua tena.

Wiki mbili zikapita. Walikuja wawili wa kuchomwa, wakapunguza pengo likabaki dola elfu sita na mia mbili. Kisha asubuhi ya tarehe ishirini na nane muuguzi akapiga simu kusema Bi Wasko alilala vibaya, pumzi zinakatika, bora Delphine aje.

Alifika kabla ya saa tatu. Bi Wasko alikuwa amelala, mdomo wazi, pumzi inaenda na kusita. Delphine alisimama ukumbini na kufanya hesabu ambayo hakuitaka. Akifa leo, kesho kutwa watu waje kumuaga, tarehe thelathini na moja azikwe. Mwaka unafungwa naye ndani. Lakini ardhi ya kilimani ilikuwa imeganda kama sakafu, na kuiyeyusha kwa jiko la gesi, lile linalofunika kaburi kama nusu pipa, huchukua siku nzima na zaidi. Akichelewa kuliwasha, mwaka umekwenda. Akampigia Leland.

"Weka jiko safu ya nne, kwa akina Wasko."

Leland akauliza, "Amefariki?"

"Bado."

"Bosi, bado ni bado."

"Weka jiko, Leland."

"Miaka yote hii sijawahi kuwasha moto kwa mtu anayepumua."

"Nimekusikia. Weka."

Alikata simu. Akarudi chumbani, akaketi, akamshika Bi Wasko vidole vilivyokuwa baridi. Saa zikapita. Muuguzi aliingia na kutoka. Saa sita kasoro, bila onyo lolote, Bi Wasko alifumba mdomo, akafumbua macho, akaomba maji.

Delphine alimnywesha kwa kijiko. Bibi yule akameza, akageuza kichwa taratibu kuelekea dirishani. Kutoka chumbani mle, kilima cha makaburi kilionekana chote, cheupe, na katikati ya weupe ule mvuke ulikuwa ukipanda mwembamba, umenyooka.

"Nani amekufa?" akauliza Bi Wasko.

Delphine alichovya tena kijiko kwenye maji.

"Nimeuliza, mwanangu. Ule mvuke uko safu ya nne. Safu ya nne upande wa uzio ni mume wangu Emeric, na pembeni yake ni mimi. Nimeandika kitabu cha makaburi yale miaka arobaini, usinidanganye kuhusu kilima changu."

"Bi Wasko..."

"Mmepungukiwa ngapi?"

Swali lile lilimpiga Delphine kuliko kofi. Alijaribu kusema kwamba hakuna kilichopungua, lakini yakatoka machozi. Alilia kama alivyowaona maelfu wakilia mbele yake, pua ikichuruzika, bila adabu. "Elfu sita na mia mbili," akasema.

"Kwa hiyo ndiyo maana siku hizi unaniangalia kifua kwanza. Nilidhani umeona doa kwenye gauni."

"Nisamehe, mama. Sijui nimekuwaje. Wataifunga nyumba."

"Najua umekuwaje. Umekuwa meneja." Bi Wasko alifumba macho kidogo, na Delphine akadhani amepitiwa. Kumbe alikuwa akipiga hesabu. "Kasha la zege siku hizi mnaliandika bei gani?"

"Elfu mbili na mia nne."

"Na jiwe langu?"

"Elfu nne na mia moja."

"Na kampuni inahesabu jiwe likishasimama, au mpaka mwenyewe awe chini?"

Delphine alipanguza pua. Alianza kuelewa, na hakutaka kuelewa. "Jiwe likisimama, kasha likishushwa. Wanataka picha na sahihi ya mnunuzi. Lakini sisi hatufanyi hivyo. Wewe mwenyewe ndiye uliyekataza."

Ni kweli, na Harlow Gap nzima ilijua sababu. Zamani Sobotka alikuwa akiwauzia mke na mume jiwe moja. Mmoja akifa, jiwe linasimamishwa na majina yote mawili, na kwa yule aliyebaki hai fundi anachonga kabisa tarakimu mbili za mwanzo za mwaka wa kufa, kumi na tisa, ili kazi ya baadaye iwe ndogo. Hakuna aliyewaza kwamba watu wataishi. Ulipoingia mwaka elfu mbili, kilima kilikuwa na wajane ishirini na wanane ambao mawe yao yalisema walitakiwa wawe wameshakufa. Wengine walicheka. Mmoja alikataa kupanda kilimani tena, na alikufa bila kumtembelea mumewe. Bi Wasko alikuwa mmoja wa wale ishirini na wanane. Alinunua jiwe jipya, akaliweka stoo chini ya turubai, akaandika sheria kwa mkono wake kwenye ukurasa wa kwanza wa kitabu cha makaburi: hakuna jiwe la mtu hai.

"Sheria niliiandika mimi," alisema sasa. "Naivunja mimi. Lete karatasi."

"Siwezi kukufanyia hivyo."

"Umeshawasha moto juu ya kaburi langu, Delphine. Hiyo uliweza." Alisema polepole, bila ukali, na ndiyo maana iliuma. "Lete karatasi. Lakini ni langu peke yake. Usije ukampelekea mwingine kalamu kitandani. Wale watu wako wakishaonja, watataka na wengine."

"Sitampelekea."

"Sema tena."

"Sitampelekea mtu yeyote, mama."

Bi Wasko alitia sahihi akiwa ameegemezwa mito miwili, kwa mwandiko wake ule wa kikarani, na akataka kusoma namba kwanza. Kesho yake Leland alishusha kasha la zege kwenye udongo uliolainika, na tarehe thelathini wakang'oa jiwe la zamani na kusimamisha jipya: jina la Emeric na miaka yake, jina la Ottilie na mwaka wa kuzaliwa, na mbele yake patupu. Delphine alipiga picha, akaituma Texas. Pruett akajibu kwa picha ya kidole gumba. Leland alisimama na koleo lake, hakumtazama Delphine.

Mwaka ukafungwa kwa ziada ya dola mia tatu. Nyumba ya Sobotka ikapona.

Januari mbili, saa sita mchana, Delphine aliegesha gari nje ya nyumba ya wagonjwa, sahani ya kabeji imefunikwa kwenye kiti cha pembeni. Simu ikalia, ujumbe umeingia. Pruett alimpongeza, akamwambia lengo jipya limepanda kwa asilimia saba, kisha akaandika kwamba wakubwa wamependa sana lile wazo la jiwe, na wanataka kabla ya Ijumaa orodha ya watu wote walio hai wenye mawe stoo. Delphine alijua idadi yao bila kuangalia. Walikuwa mia moja na sita, na wengi aliwajua mpaka namba za viatu. Aliandika "Hapana, lile lilikuwa lake tu," akatuma, akaiacha simu ndani ya gari. Alijua Desemba itarudi, na kwamba safari ijayo hakutakuwa na wa kumwokoa.

Akapita ukumbini. Akafungua mlango. Macho yakaenda kifuani kabla hajayazuia, na kifua kilikuwa kimetulia, hakipandi. Sahani ikamponyoka mkononi ikapiga sakafu, akavuka chumba kwa hatua mbili, akauweka mkono pale.

Kikapanda.

"Unaniangalia kifua tena," Bi Wasko akasema, macho bado amefumba.

"Ndiyo, mama."

"Si mwaka umeshafungwa?"

"Umefungwa," Delphine akasema, na hakuutoa mkono.