Mama Asiyehitaji Tena Mwandishi wa Barua

Juma lililopita, kwenye kibanda cha kuchajia simu mtaani Kimanga, nilimkuta mama mmoja wa kijiji cha Mutarule akimtumia bintiye aliye ng'ambo ujumbe wa sauti. Aliongea Kifuliiru, lugha ya kwao, mdomo ukigusa simu, machozi yakimtoka.

Tunafahamiana. Nilipokuwa mwalimu kijana alikuwa akija kwangu na karanga za kukaanga, yeye anasema, mimi naandika barua kwa bintiye huyo. Bado nazitamani jioni zile.

"Mama, siku hizi umenisahau," nilimtania.

Alifuta macho kwa pembe ya kitenge. "Mwalimu, weye ulikuwa unaandika muzuri sana. Lakini minye nilikuwa nasema niko nalia, weye unaandika niko salama. Sasa jana mutoto amesikia sauti yangu mwenyewe. Anasema mwezi ujao atakuja."

Nilicheka kidogo, lakini ni kweli. Enzi zile niliona kilio hakifai katika barua nzuri ya Kiswahili sanifu, na binti wa watu akakaa huko miaka yote akiamini mama yake hana shida.